Ulimi wa Kuazima

Tak.

Kizibo kilidondoka sakafuni, kikazunguka gizani kama kinatafuta pa kulala, kisha kikatulia.

Mama Kijiko akasubiri mlio wa pili. Aliusubiri kwa mwili mzima. Soda ikifunguliwa lazima iseme kitu. Hupumua, psss, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana kutwa. Chai baridi haina gesi. Chai baridi ikifunguliwa haisemi neno.

Jikoni kulikuwa kimya.

Mliokuwa nasi wiki iliyopita mnajua tulipomwacha mama huyu. Jioni imeingia, umeme umekatika mtaa mzima, yeye yuko chumbani anapapasa mshumaa kwa mkono mmoja na simu iko mkono wa pili. Na kwenye simu hiyo Fundi Spana, mtu wa mashine ya kuosha chupa pale kiwandani, amemnong'oneza: "Dada, ile chai yenye uzi mwekundu shingoni, usiiguse. Na mtoto asiiguse." Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, shika moja tu: chupa hiyo ilikuwa ndani ya mkoba wake, mkoba ulikuwa juu ya meza ya jikoni, na jikoni alikuwemo Kijiko.

Simu ilianguka. Alikimbia, kiuno kikagonga kona ya kabati, wala hakusikia maumivu.

"Kijiko. Usimeze."

Hakujibiwa.

Huyu ni mtoto wa miaka sita ambaye mdomo wake haukujua likizo. Jina la Kijiko alilipata kwa sababu kila kilichowekwa mezani alitaka kukionja kwa kijiko kabla ya wenzake, na alikuwa akiongea hata usingizini. Leo ameitwa na mama yake gizani, hajaitika.

Mama akanyoosha mikono. Akagusa nywele, akashuka, akashika mashavu. Yalikuwa yamejaa kama ya mtu anayepuliza puto.

Hajameza. Ameshikilia.

Akamwambia ateme. Mtoto akatikisa kichwa, na vile viganja vyake vidogo vikaendelea kupapasa juu ya meza, vikisukuma sahani, vikiangusha mwiko. Ndipo mama alipoelewa. Mtoto anatafuta kikombe. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha: onja, zungusha, tema, na mwonjaji hutema kwenye kikombe, hatemi sakafuni.

"Tema mkononi mwangu," alisema, akakinga kiganja.

Kijiko akatema.

Mama aliisugua ile chai kati ya vidole. Vidole vikateleza. Akasugua tena, vikateleza tena, kama mkono uliopakwa sabuni ukakosa maji ya kusuuzia.

Alimwinamisha juu ya ndoo akamsuuza kinywa, akarudia, akarudia, mpaka mtoto akawa anakohoa maji matupu. Wifi yake, dada wa mumewe, anayeishi naye tangu mume apate kazi ya mbali, akatokea mlangoni na tochi ya simu. Mwanamke huyu hakuwahi kuingia chumba bila utani. Aliuliza kama leo ni zamu ya mtoto kufuliwa. Kisha mwanga ukauangukia uso wa Kijiko, na utani ukamkauka. Ncha ya ulimi ilikuwa nyekundu. Mdomo wa chini ulikuwa umepauka kama kidole kilicholowa kutwa.

Juu ya meza zilisimama chupa zilizotolewa mkobani. Moja ilikuwa wazi. Shingoni mwake, uzi mwekundu.

Zahanati ya mtaa wa pili ilikuwa haijafungwa. Muuguzi alimulika kinywa, akapaka dawa, akauliza kama mtoto alimeza. Alipoambiwa hapana, alishusha mabega.

"Nani kamfundisha kutema?"

"Mimi."

"Basi umemwokoa."

Mama Kijiko hakujua aliweke wapi neno lile. Aliyemfundisha mtoto kutema ndiye aliyemfundisha kuonja.

Muuguzi akasema kesho asiende shule, ale vitu laini, na wasimlazimishe kuongea mpaka atakapotaka mwenyewe. Mama akageuka amtazame mwanawe. Tangu ateme, Kijiko hakuwa ametamka chochote. Hakulia. Alikuwa anawaangalia tu.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni kwa wifi. Mama alikuwa anampigia Madamu, mkuu wa chumba cha maonjo, njia nzima. Simu haikupatikana. Wifi alitembea kimya mpaka kwenye kona ya duka la vitambaa, akashindwa kuvumilia.

"Wifi, nikuulize. Hiyo chai si ndiyo uliyoionja leo kazini?"

"Ndiyo."

"Ukaipa ngapi?"

"Tisa."

Wifi alisimama. "Tisa," alirudia polepole. "Kitu kilichomchubua mtoto ulimi, wewe umekipa tisa. Hata mimi nisiyejua tofauti ya soda na siki ningekirudisha kwa aliyeniletea."

Mama Kijiko hakuwa na pa kukimbilia. Pale pale, chini ya taa isiyowaka, akamwambia.

Tangu homa ile iliyomlaza kitandani, ulimi wake ulikuwa umekufa. Alipopona alikunywa chai asubuhi akadhani wamesahau sukari, akaongeza, akaongeza, mpaka kijiko kikasimama chenyewe. Chumvi, ndimu, asali, vyote vilikuwa kitu kimoja: maji. Kilichobaki ni baridi, moto, na kuchomachoma. Na yeye ndiye mwonjaji mkuu wa kiwanda cha soda za matunda na chai baridi, mwenye jukumu la kuonja chupa moja kabla shehena haijatoka, akiwa ndani ya kile kijumba chenye taa nyekundu ya kufuta rangi ili macho yasimdanganye, kisha kuandika alama ubaoni. Juu kabisa ni kumi. Chini ya saba, shehena haivuki geti.

Alikuwa amesoma shule ya jioni akiwa na mimba ya Kijiko, anasinzia juu ya dawati, ili aipate kazi ile. Hakuweza kwenda kusema kwamba ulimi haupo.

Basi ikaanza kama mchezo. Alikuwa akichukua chupa za shehena ya kesho kwenye rafu ya chumba cha maonjo, jambo ambalo waonjaji wote walilifanya, anaziloweka mpaka lebo zinabanduka, anamiminia kwenye vikombe. Kijiko anaonja na kutoa hukumu. Hii imelala, yaani gesi imekwisha. Hii imevaa sweta, yaani utamu umezidi, unabana. Hii ina msumari ndani, yaani uchachu unachoma. Mama anayameza maneno yale, na kesho yake anayatoa chini ya taa nyekundu kana kwamba ni yake. Madamu aliyapenda. Siku hizi hata wapakiaji wa makreti walikuwa wakisema soda imelala, wasijue wanaongea lugha ya mtoto ambaye bado anajifunza kufunga kamba za viatu.

Lakini shehena hii ya chai ya tangawizi na ndimu iliharakishwa ghafla. Mama Kijiko hakupata jioni ya kuipeleka nyumbani. Aliingia kijumbani peke yake, na ulimi wake peke yake. Akasikia baridi. Akasikia kitu kinachoma pembeni, akajiambia ni tangawizi. Akaandika tisa, na mbele yake neno moja: inachangamsha. Katika maneno yote aliyowahi kuyaandika ubaoni tangu homa, hilo tu ndilo lilikuwa lake.

Alipotoka alizoa chupa kutoka rafuni, soda chache na chai moja, ili jioni mtoto amwambie alikosea kwa kiasi gani. Hakuuliza ule uzi ni wa nini. Kilichowekwa kwenye rafu ile kilikuwa cha waonjaji kuchukua. Haijawahi kutokea mtu akauliza.

Na Kijiko, aliposikia mama yuko kwenye simu na taa zimezimika, aliamua kuanza mchezo peke yake, amshtue mama kwa jibu lililo tayari.

Wifi alisikiliza yote bila kumkatiza, jambo ambalo lenyewe lilitisha. Mwisho akamsogeza mtoto vizuri mgongoni.

"Malori yanatoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Na kinachoyaruhusu ni ile tisa yako tu?"

"Ni ile tisa tu. Nikiifuta lazima niseme kwa nini."

"Basi kesho hiyo utaingia pale na kazi, sijui utatoka na nini." Akaanza kutembea. Baada ya hatua kadhaa akasema bila kugeuka, "Ila mimi utanikuta hapa nyumbani. Sasa twende, huyu mzito."

Asubuhi umeme ulikuwa umerudi, na balaa jingine nalo lilikuwa limeamka mapema. Mama Kijiko aliingia jikoni kuchukua ile chupa aipeleke kwa Madamu, aishike mwenyewe, aione inavyoteleza. Alikuta chupa zote zimepangwa kichwa chini kwenye kitambaa, zinang'aa.

"Nimezisuuza," wifi alisema, akifuta mikono. "Sikupata usingizi, nikaona nifanye kitu. Jiko zima lilikuwa linanuka tangawizi."

Kisha akauona uso wa mwenzake. Kitambaa kikamtoka mkononi.

Hakukuwa na wakati wa kulaumiana. Wifi alikuwa anatakiwa kwenye cherehani yake, mtoto hakuwa na wa kubaki naye, basi ataenda na mama. Walipomwita, Kijiko alitoka chumbani amevaa sare ya shule, mkoba mgongoni, na kile kikombe chake cha bati kimefungwa kwenye kamba ya mkoba. Mama alichuchumaa akamweleza kwa upole kwamba leo hakuna shule. Mtoto akatikisa kichwa, akakigonga kikombe kwa kidole. Mama akajaribu kuifungua ile kamba. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, macho yakijaa machozi.

Mama akadhani anataka mchezo wao. Ikamuuma kuliko kidonda.

"Mwache avae," wifi alisema. "Sare haiumi ulimi."

Wakaenda hivyo.

Kiwanda kilikuwa kinavuma. Watu wengine walisema ukifika getini harufu ya ndimu inakupokea kama mwenyeji. Kwa Mama Kijiko hewa ile ilikuwa hewa tu. Uani malori yalikuwa yamerudishwa nyuma, milango wazi, makreti yanaingia. Mpakiaji mmoja alimpungia mkono. "Mama Kijiko, ile tisa yako imetuchosha migongo. Siku nyingine toa sita tupumzike." Wenzake wakacheka. Alijaribu kucheka nao, meno yakakataa.

Fundi Spana alimngoja kwenye korido, kofia ameikunja mkononi. Alipomwona mtoto alipiga goti moja, akauangalia ule mdomo, akasimama upesi kama aliyechomwa.

Alieleza kwa haraka. Pampu ya maji ya mwisho, yale ya kusuuza, ilizimika kidogo kisha ikawaka tena yenyewe. Kwa hiyo chupa nyingi ni safi, ila zipo zilizojazwa chai huku dawa ya kuoshea bado iko chini. Ni zipi, hakuna anayejua. Yeye alichomoa chache za mwisho, akazifunga uzi, akaziweka kwenye ile rafu akamwite mkubwa. Aliporudi, moja haipo. Mlinzi ndiye aliyemwambia imeondoka na mkoba wa nani.

"Ulisema, Fundi?"

"Nilisema." Aliitazama kofia yake. "Ila nilisema kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani. Wakachukua chupa moja wakaipima, ikatoka safi. Wakaniambia waonjaji wataamua. Halafu wewe ukatoa tisa."

Halikuwa tusi. Lingekuwa tusi, angepumua.

Madamu alikuwa chumba cha maonjo, koti jeupe limepigwa pasi mpaka likasimama. Hakuwahi kujipaka manukato, hakuwahi kula kitunguu siku ya kazi, na hakuwahi kupandisha sauti. Alisikiliza habari ya pampu, ya zahanati, ya chupa iliyosuuzwa. Alimtazama Kijiko kwa huruma ya kweli, akamvutia kiti.

Kisha akauonyesha ubao. Tisa. Inachangamsha.

"Jana ulisimama hapa ukaniambia hivi. Leo unataka niandike ngapi?"

"Sifuri, Madamu."

"Kwa chupa iliyofunguliwa gizani, jikoni, na sasa imeoshwa." Hakusema kwa kejeli. "Mama Kijiko, nikipeleka hayo juu watanicheka, halafu malori yataondoka vilevile. Mimi siwezi kuzuia shehena kwa maneno. Naweza kuizuia kwa ulimi wako. Huo wanauogopa."

Akaifungua moja ya zile chupa za uzi zilizobaki. Akageuka ukutani, akamimina. Vikombe vitatu: viwili vya shehena ya zamani isiyo na shaka, kimoja cha shehena hii. Kila mwonjaji duniani anaujua mtihani huo. Ukikitaja kile cha peke yake, umeaminiwa. Ukikosea, umenyamazishwa.

"Onja kwa ncha tu, tema upesi," Madamu alisema. "Ukinitajia kile kimoja, geti linafungwa sasa hivi."

Taa nyekundu ikawaka. Vile vikombe vikawa na rangi moja, kama damu iliyozimuliwa.

Cha kwanza: baridi, na kuchoma kidogo.

Cha pili: baridi, na kuchoma kidogo.

Cha tatu.

Alitema kila kimoja, akachovya hata ncha ya kidole kinyume cha sheria za chumba, akasugua. Hakuna kilichoteleza. Labda chupa hii ilipata dawa kidogo tu. Labda ilikuwa safi. Labda ipo pale, inamcheka.

Nje, mlango wa lori ulibamizwa. Kisha wa pili.

Naweza kubahatisha, aliwaza. Nikipatia, geti litafungwa, nitabaki na kazi, na hakuna atakayejua milele. Hesabu hiyo ilikuwa tamu, ya kwanza kuwa tamu tangu homa. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye kikombe cha kati.

Na nikikosea?

Nikikosea, malori yataondoka yakiwa na jina langu mara mbili.

Kitu kikamgusa nyonga. Kijiko alikuwa ameshuka kitini, akaingia kijumbani bila kelele. Uso wake mdogo ulikuwa mwekundu kwa ile taa, na mdomo wake uliochubuka haukuonekana kabisa, kama vile haujawahi kuumia. Alimwangalia mama. Aliviangalia vikombe. Alijua, kama alivyojua kila jioni, kwamba mama amekwama na zamu ni yake.

Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha kwanza. Akafumba macho, kama walivyozoea. Akafungua kinywa.

Mama alikishika kikombe kabla hakijafika. Kilimwagika chote juu ya koti lake la kazi.

"Zima taa hiyo, Madamu," alisema. "Sisikii ladha."

Mwanga mweupe ukarudi. Fundi Spana aliyekuwa mlangoni alikodoa macho.

"Sisikii kitu. Tangu niliporudi kutoka kwenye homa. Nimekuwa nikipeleka chupa nyumbani, anaonja mtoto, mimi naja kusema alichosema yeye. Jana hakuonja mtu. Ile tisa si ya mtu."

Madamu alikaa. Aliweka mikono juu ya magoti, kama mgeni aliyeambiwa mwenye nyumba hayupo.

"Imelala," alisema hatimaye. "Lile neno."

"Lake."

"Imevaa sweta."

"Lake pia."

Madamu akamgeukia Kijiko, na kwa nukta moja ilionekana kama atacheka, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliinuka, akaenda ubaoni, akaifuta ile tisa kwa mkono wa koti lake lililopigwa pasi.

"Kwa hiyo shehena hii haijaonjwa," alisema. "Shehena isiyo na alama haivuki geti. Hiyo sheria hata wakubwa hawana pa kuishikia. Fundi, kimbia."

Spana alikuwa ameshaondoka. Walisikia viatu vyake kwenye korido, halafu sauti yake uani, na safari hii haikuwa ya mtu anayeomba ruhusa. Injini moja ikazimwa. Ikazimwa nyingine. Kimya kikaingia kupitia dirishani kama maji.

Mama Kijiko alijikuta anapumua. Alifungua vifungo vya koti lake jeupe, kimoja kimoja, akalikunja kwa upande uliokuwa mkavu, akaliweka mezani. Madamu hakumwambia aliache wala alichukue. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba watazungumza, na kwamba mtu anayejivunja mwenyewe ili geti lifungwe hapaswi kupelekwa mlangoni haraka. Tumaini dogo likachungulia. Mama akamshika mwanawe mkono.

Fundi Spana akarudi. Alikuwa anahema, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeleta habari njema.

"Malori makubwa yote yapo," alisema. "Lile dogo halipo."

Madamu aligeuka taratibu.

"Lile dogo," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, sauti yake ilipanda. "Lile dogo niliruhusu mimi. Jana jioni. Yale makreti ya kugawa bure. Nilisema, kama ni tisa, yaende mapema, yafike yakiwa baridi."

"Yaende wapi?" Mama Kijiko aliuliza.

"Kwenye shule. Ofisi ya juu ndiyo iliyoichagua, mimi niliambiwa tu watoto watafurahi. Hati amebeba dereva."

Spana alikuwa ameshaweka simu sikioni. Aliisikiliza, akaishusha, akapiga tena. Akatikisa kichwa.

Shule. Mjini humu shule ni nyingi. Hakuna aliyetoa hata jina moja.

Mkono wa mtoto ukachomoka kwenye mkono wa mama. Kijiko alivua mkoba wake, akauweka sakafuni, akaifungua ile kamba aliyokataa isiguswe tangu asubuhi. Akakibeba kikombe chake cha bati kwa mikono miwili, akakiweka mezani, katikati ya vile vikombe vya maonjo. Akalamba mdomo wake uliochubuka. Wote watatu walimtazama, kwa sababu ilionekana wazi anataka kusema, na inamuuma.

"Mwalimu alisema leo tuje na vikombe."